Unachora patani ya blanketi la viraka? Mpunguzie mshonaji hesabu

Ukitaka kujua kama patani ya kwilti, yaani maelekezo ya kushona blanketi la viraka, ni nzuri usiangalie picha ya juu, angalia ukurasa wenye hesabu. Picha siku hizi kila mtu anaipamba, simu tu inatosha. Lakini yule mama aliyekaa Nkuhungu hapa Dodoma na cherehani yake ya kukanyaga, kitambaa kanunua kwa hela ya kubana, anachotaka yeye ni kimoja tu, asifike katikati ya kazi akasimama na kuanza kubahatisha. Kitambaa kikishakatwa kimekatwa, hakirudi dukani.

Naandika hapa kwa ajili yenu mnaochora patani za blanketi za viraka, iwe mnauza au mnagawa kwenye magrupu ya WhatsApp, na hasa mlioko huku kwetu Dodoma ambako mwezi wa sita na wa saba ule upepo wa usiku unaufahamu mwenyewe, kwahiyo blanketi zinatumika kweli sio mapambo ya kochi. Mi nashona na nafundisha wenzangu, patani za watu zinapita mezani kwangu nyingi, za hapa na za nje, na zile zinazopendwa na washonaji zina tabia zinazofanana. Nitawaeleza kwa mfano mmoja tu twende nao mwanzo mpaka mwisho, ile bloku ya viraka tisa, yaani mraba mmoja ulioungwa kwa viraka vitatu kwa vitatu, maana ni rahisi kuelewa na hesabu zake zinaonyesha kila kitu.

Anza na kitanda

Patani za Marekani zinataja saizi za vitanda vyao na ukizifuata unaishia na blanketi ambalo halikai sawa kwenye kitanda cha hapa. Sisi seremala unamwambia nne kwa sita, tano kwa sita au sita kwa sita, basi ameelewa. Patani yako iseme hivyohivyo. Tano kwa sita ni inchi 60 kwa 72. Sasa tuseme bloku yako ikishaungwa na wenzake ni inchi 9, ukapanga 9 kwa 9, unapata blanketi la inchi 81 kila upande. Kwenye tano kwa sita linashuka inchi 10 na nusu kila ubavu, miguuni linashuka inchi 9, kichwani linaishia sawa na godoro. Hiyo sentensi moja iandike kwenye patani. Mshonaji anataka kujua litashuka kiasi gani kabla hajanunua kitu, maana kuna anayetaka lichomekwe chini ya godoro na kuna anayetaka lifunike tu juu.

Halafu mwambie na wenzake wa vitanda vingine wafanyeje, usimwachie akune kichwa. Kwenye mfano wetu bloku za viraka tisa zinapishana na bloku za kitambaa kitupu kama ubao wa drafti, na kona zote nne zina viraka tisa. Ukiongeza safu moja tu kona zitaharibika, lazima uongeze au upunguze mbili. Kwahiyo wa sita kwa sita atapanga 11 kwa 9, anapata inchi 99 kwa 81, bloku za viraka tisa 50 na tupu 49. Wa nne kwa sita atapanga 7 kwa 9, inchi 63 kwa 81, za viraka tisa 32 na tupu 31. Hapo umeshahudumia vitanda vitatu kwa mistari michache, na huyo mteja hatakupigia simu saa nne usiku.

Hesabu ya kitambaa, hapa ndo pana shida kubwa

Blanketi letu la tano kwa sita lina bloku 81, za viraka tisa 41 na tupu 40. Kila bloku ya viraka tisa ina vipande 5 vya kitambaa kilichokolea rangi, kona nne na katikati, na 4 vya kitambaa kilichopauka. Kwahiyo vya kukolea ni 205, vya kupauka ni 164, na kila kipande kinakatwa inchi 3½ kwa 3½, ile nusu inchi ni ya mishono.

Kitenge upana wake ni kama inchi 45 hivi, sio? Wachoraji wengi wanapiga hesabu kwa hiyo 45. Lakini kitenge ukikifua kinasinyaa kidogo, ukitoa na ule ukingo wa kiwandani pande zote mbili unabaki na inchi 43 za kutumia, na kuna vingine vinabaki 42. Patani nzuri inasema wazi, "hesabu hizi ni kwa kitambaa chenye upana wa kutumia inchi 43 baada ya kufua". Kwa mfano wetu hapo kila mkanda wa inchi 3½ uliokatwa kufuata upana wa kitambaa unatoa vipande 12.

Sasa 205 gawa kwa 12. Unapata 17 na kidogo. Mikanda 17 inatoa vipande 204. Kimoja kinakosekana! Na mchoraji aliyekadiria kwa jicho ataandika mikanda 17. Nimeshamwona mama mmoja kwenye kikundi chetu amekaa chini kwenye mkeka anapanga vipande vyake mistari mistari, anahesabu mara ya pili, anainua mkeka kuangalia chini, anamwambia binti yake "mwanangu hebu tikisa na kanga uliyojifunga", kumbe hakijapotea, hakikuwahi kuwepo. Kitambaa chenyewe kilikuwa kimeshaisha sokoni Majengo, muuzaji anasema mzigo ujao unaweza usije na ua lile. Mikanda ni 18. Ikizidi vipande vichache ashukuru, vinafaa mto.

Mikanda 18 mara inchi 3½ ni inchi 63, ambayo ni yadi moja na robo tatu kamili. Kamili! Hapo sasa usiandike yadi moja na robo tatu. Dukani hawakati kwa rula, wanachana, na mchano unakwenda upogo, ukinyoosha umepoteza inchi mbili au zaidi, na kufua nako kunapunguza urefu. Andika yadi 2.

Kitambaa cha kupauka ndo kinashangaza zaidi. Vipande 164 gawa kwa 12 ni mikanda 14, inchi 49. Bloku tupu 40 nazo zinatoka kwenye kitambaa hichohicho, zinakatwa inchi 9½, kwenye upana wa 43 zinaingia 4, kwahiyo mistari 10, inchi 95. Jumlisha 49 na 95 unapata 144, yaani yadi 4 kamili bila hata uzi wa ziada. Patani ikisema yadi 4 hesabu ni sahihi kabisa kwenye karatasi na mshonaji lazima apungukiwe. Andika 4 na nusu.

Na hapa ndo mchoraji mwenye upendo anajulikana. Kila mstari wa zile bloku tupu unabakiza kipande cha pembeni cha inchi 5 kwa 9½. Hicho kinatoa vipande viwili vya 3½. Mistari 10, vipande 20. Toa kwenye 164 unabaki na 144, gawa kwa 12 unapata mikanda 12 kamili badala ya 14, umemwokolea inchi 7. Kwahiyo kwenye patani mwambie aanze kukata bloku kubwa kwanza, kisha mabaki ya pembeni ayageuze viraka, ndipo akate mikanda. Hilo la kukata vikubwa kwanza liweke kila patani, hata isiyo na mahesabu kama haya, kwa sababu mtu akianza na vidogo na akakosea, vikubwa havitatosha tena, ila akianza na vikubwa akakosea, kilichoharibika bado kinatoa vidogo.

Yadi na mita andika zote mbili. Yadi ni inchi 36, mita ni inchi 39 na kidogo. Aliyeambiwa yadi akanunua mita anabaki na ziada, sio mbaya, lakini aliyeambiwa mita 4 akapimiwa yadi 4 amepungukiwa inchi 13 na kidogo na hatajua mpaka mwisho. Na kumbuka kitenge mara nyingi kinauzwa kikiwa kimeshafungashwa, kuna maduka hayakukatii yadi moja na nusu, kwahiyo ukisema kipimo sema pia kitakachobaki kinaweza kufanya nini, mkanda wa ukingo, foronya, chochote.

Wanaoshona kwa mabaki wasahaulike? Wao ndo wengi. Kwa fundi wa nguo unapata salfeti nzima ya vipande vya vitenge, hakuna yadi hapo. Kwao andika idadi, vipande 205 vya inchi 3½ kutoka kitambaa chochote cha pamba kilichokolea, na uwaambie bloku tupu zote zitoke kwenye kitambaa kimoja ili blanketi litulie. Mi naona patani isiyokuwa na njia ya mabaki huku kwetu imekosa nusu ya wateja.

Aina ya kitambaa itaje

Mchoro wa kitenge ukiwa mkubwa, yale maduara ya saizi ya sahani, ukikikata inchi 3½ hutabaki na ua, unabaki na madoa ya rangi. Sio vibaya kwa vile vipande vya kukolea. Ila kama mtu amekipenda kitenge chake kwa sababu ya ndege waliochorwa, mwelekeze akiweke kwenye bloku tupu za inchi 9 ambako ndege ataonekana mzima, na umbadilishie vipimo, kitenge hicho peke yake yadi 3, kile cha kupauka kinashuka mpaka yadi moja na nusu. Na ndege asisahau wana kichwa na miguu, kitambaa chenye juu na chini kinakatwa chote kikiwa kimesimama upande mmoja, kwahiyo patani iwe na mshale unaoonyesha juu ni wapi.

Khanga ni habari nyingine. Ina pindo, ina mji, ina jina, na huwezi kuipigia hesabu kama kitambaa cha gora. Nimeona khanga nzuri imekatwa viraka na jina likakatwa katikati, unasoma nusu ya maneno upande huu na nusu nyingine iko kona ya kule. Kama patani yako inaruhusu khanga, mwambie mshonaji apime mji wake kwanza kwa kuwa hautoshani khanga kwa khanga, pindo litumike kama ukingo wa blanketi, na jina likatwe mkanda mzima likae katikati au lishonwe nyuma kama sahihi. Watu wanapenda sana hiyo.

Mengine ni ya haraka. Sema wafue kabla ya kukata, hasa batiki na vitenge vyekundu na vya bluu ya kukolea, wabonyezee kitambaa cheupe chenye maji kuona kama kinachuja. Sema kiwe pamba. Asiyejua achome uzi mmoja, pamba inaungua kama karatasi na kubaki majivu, polista inayeyuka na kuganda kidonge kigumu, na polista chini ya pasi ya mkaa isiyokuwa na kipimo cha joto utalia.

Robo inchi na kipimo cha katikati

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu huku kwetu wengi wanaoingia kwenye kwilti wanatoka kushona nguo. Fundi wa nguo anaacha nafasi ya mshono nusu inchi, hata zaidi, ili nguo iweze kuachiliwa mtu akinenepa. Kwilti inashonwa robo inchi. Patani nyingi za nje haziandiki kwa sababu kwao kila mshonaji wa kwilti analijua. Wewe andika ukurasa wa kwanza, kwa herufi kubwa, nafasi ya mshono ni robo inchi kila mahali na imeshajumlishwa kwenye vipimo vya kukata.

Ona kinachotokea usipoandika. Vipande vitatu vya 3½ ukivipanga ni inchi 10½. Mishono miwili katikati, kila mmoja unakula robo huku na robo kule, jumla inchi moja, unabaki na 9½. Inalingana na bloku tupu uliyoikata 9½, safi. Fundi wetu wa nusu inchi mishono miwili imekula inchi mbili, bloku yake ni 8½. Anaishika mkono mmoja na bloku tupu mkono mwingine, inchi nzima haipo, ameshakata kila kitu, na anaamini patani ndo mbovu.

Dawa yake ni rahisi na ndo kitu ambacho washonaji wanakisifia kuliko chochote, kipimo cha katikati. Kila hatua inapoisha patani imwambie sasa kazi yako inatakiwa iwe na inchi ngapi. "Ukishaunga mikanda mitatu, upana uwe 9½." "Bloku ikikamilika iwe 9½ kwa 9½, kama imepungua usiendelee, angalia mshono wako." Mtu akijua kwenye bloku ya kwanza amepoteza bloku moja, akijua kwenye ya arobaini amepoteza mwezi. Na mshauri ashone bloku moja ya majaribio kabla hajakata kitambaa chote, hata kwa mabaki.

Upana wa mguu wa cherehani usiuamini kuwa ni robo inchi, zinatofautiana. Weka maelezo mafupi, apime robo inchi kutoka ncha ya sindano kwa rula, abandike solotepu kwenye bati la cherehani, kitambaa kitembee kwenye ukingo wa hiyo solotepu. Na ashone pungufu kidogo sana ya robo, kama unene wa uzi mmoja, kwa sababu kitenge kikikunjwa kwenye mshono kinakula kidogo.

Pasi nayo isisahaulike kuelekezwa. Kwenye bloku ya viraka tisa mwambie mishono yote ya mistari ilazwe upande wa kitambaa kilichokolea. Mstari wa juu mishono inakwenda nje, wa katikati inakwenda ndani, ukiiweka pamoja inapishana na kujikaza yenyewe, makutano yanakaa sawa bila pini nyingi. Bloku zikiungwa na tupu, mishono yote ilazwe kwenye tupu. Mishale midogo kwenye mchoro inatosha, usiandike aya nzima.

Karatasi, simu na steshenari

Patani yako haitasomwa kwenye kompyuta kubwa. Itasomwa kwenye simu yenye kioo kilichopasuka kona, au itaprintiwa steshenari kwa nyeusi na nyeupe. Kwahiyo ukiandika "unga kitambaa cha bluu na cha kijani" na mchoro una bluu na kijani, kwenye karatasi ya huyo mama vyote ni kijivu. Vitambaa vipe herufi, A, B, C, na kwenye mchoro kimoja kiwe na mistari, kingine vitone, kingine kitupu. Kila picha isomeke bila rangi. Ukurasa mmoja wa mchoro mtupu weka pia mwishoni ili mtu apake rangi zake kwa penseli, watu wanafurahia hapo kuliko unavyofikiri, na anayetaka kuona kama rangi zake zinatofautiana vya kutosha avipange vitambaa kitandani avipige picha ya nyeusi na nyeupe kwa simu, vikionekana sawa abadilishe kimoja.

Kama patani ina maumbo ya kukatia, pembetatu, jani, sijui petali, chora mraba wa inchi moja pembeni na uandike "pima huu kwanza". Karatasi ya Marekani ni inchi 8½ kwa 11, A4 yetu ni nyembamba kidogo na ndefu zaidi, na printa za steshenari nyingi zimewekwa zijaze ukurasa, zinapunguza umbo bila kumwambia mtu. Umbo likipungua kidogo tu kila kipande kimepungua. Andika kabisa maneno ya kumwambia kijana wa steshenari, "print saizi yake halisi, asilimia 100". Na umbo lisizidi inchi 7½ upana ili liingie A4 pamoja na nafasi ya pembeni. Likizidi ligawe na uweke alama za kuunganishia.

Vifaa. Kampuni ya Olfa ya Japani ilitoa kile kisu cha gurudumu cha kukatia kitambaa mwaka 1979, na tangu hapo patani nyingi za nje zinaandikwa kana kwamba kila mtu anacho, pamoja na ubao wake na rula ndefu ya plastiki. Huku wengi wetu ni mkasi, chaki na futi kamba. Andika njia zote mbili. Kwa mwenye mkasi, akate umbo kwenye karatasi ya manila, inchi 3½ kamili, achore kwa chaki iliyochongwa au penseli kwa nyuma, na abadilishe manila mara kwa mara kwa sababu kingo zinalika na vipande vinaanza kukua bila yeye kujua. Akate kitambaa tabaka mbili, zikizidi mkasi unasukuma za chini.

Nyuma, katikati na ukingo

Patani nyingi zinamaliza na sentensi moja, "weka tabaka, shona, malizia ukingo." Hapo ndo mtu wa mara ya kwanza anakwama kabisa. Blanketi la inchi 81 linataka kitambaa cha nyuma kinachozidi kila upande. Vitenge viwili vikiungwa ubavu kwa ubavu vinatoa inchi 85 na nusu, maana yake inchi 2 na kidogo kila upande, kwa mtu anayeshona mwenyewe nyumbani inatosha kama amepanga vizuri, anayetaka nafasi zaidi aunge mkanda wa katikati. Urefu ni inchi 87 au zaidi mara mbili, kwahiyo yadi 5. Au anunue shuka kubwa la pamba, hata la mtumba, soko la Sabasaba yapo mazuri, inaondoa ule mshono wa katikati. Yote haya yaandike.

Ile pamba maalum ya kuweka katikati huku haipatikani kirahisi, kwahiyo mpe mbadala kwa majina, blanketi jepesi lililokwisha kutumika au shuka nzito ya flaneli, na umwambie kama ni blanketi zito cherehani itagoma hivyo ashone kwa mkono kwa hatua kubwa au afunge vifundo vya uzi kila baada ya inchi chache. Asisahau kupiga bandi, yaani kushikiza kwa hatua kubwa za muda, tabaka zote tatu kuanzia katikati kwenda nje, sakafuni, kitambaa cha nyuma kikiwa kimevutwa na kubandikwa.

Ukingo, kuzunguka blanketi ni inchi 324, ongeza kama 12 za kona na za kumalizia. Mikanda ya inchi 2½ ikiungwa mshazari kila mmoja unachangia kama inchi 40, kwahiyo mikanda 9, kitambaa inchi 22½, sema robo tatu ya yadi. Na kona ichore kwa picha tatu hivi, kona haielezeki kwa maneno.

Kabla hujaitoa

Usiandike "rahisi" au "ngumu", haimsaidii mtu. Andika anachotakiwa kujua, kushona mstari ulionyooka, kulinganisha makutano, hakuna pembetatu, hakuna mviringo. Mtu atajipima mwenyewe.

Mpe patani mtu ambaye hukuwahi kumwelezea kwa mdomo, awe Kondoa au Mpwapwa huko, asiwe jirani wa kupita kukuuliza, na ashone mpaka mwisho kwa kitambaa alichonunua mwenyewe. Mwambie akuandikie kila mahali aliposimama kufikiri. Pale aliposimama parekebishe hata kama aliishia kufanya sahihi. Ikiwezekana wawe wawili, mmoja mzoefu na mmoja mgeni, kwa sababu mzoefu anaruka maelezo na kutegemea mikono yake, mgeni anafuata neno kwa neno na ndiye atakayegundua kuwa hatua ya nne imetaja mkanda ambao hujasema ukatwe.

Sema pia kama mshonaji anaruhusiwa kuuza blanketi aliloshona kwa patani yako. Bloku ya viraka tisa ni ya zamani na haina mwenyewe, lakini michoro yako na maelezo uliyoyaandika ni vyako. Wengi wanataka kuuza moja mbili wakati wa baridi na wanaogopa kuuliza. Sentensi moja inatosha.

Na weka tarehe ya toleo chini ya kila ukurasa. Likigundulika kosa, rekebisha, badilisha tarehe, watumie wote waliokwisha kununua bila kuwadai kitu, ukitaja ni ukurasa wa ngapi na namba ipi imebadilika, ili aliyekuwa hajakata asubiri na aliyekwisha kukata ajue aongeze kipande gani.